Namna ya Kulinganisha Malori ya Masafa Marefu Yenye Kitanda Kabla ya Kununua

Kila mtu anapopata kazi yake ya kwanza ya kubeba mzigo kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Ndola, Lusaka au Lubumbashi, maswali yanayofuata huwa yale yale: je, anunue Scania au Volvo, achukue Howo mpya ya Kichina au Mercedes-Benz Actros iliyotumika Ulaya, na je, injini yenye nguvu ya farasi 420 inatosha? Nimeyajibu maswali haya gerejini, kwenye simu na kwenye foleni ya mpakani mara nyingi mno, na kila mara nimelazimika kuanza na swali langu mwenyewe: lori hilo litakwenda wapi, litabeba nini, na dereva atalala humo usiku ngapi? Asiye na majibu ya maswali hayo matatu hana namna ya kulinganisha chochote, kwa kuwa lori zuri katika njia moja huweza kuwa mzigo kwa mwenye nalo katika njia nyingine.

Mwongozo huu unahusu kichwa, yaani lori lenyewe linalovuta tela, lenye kabini ya kulala. Mfano nitakaoutumia ni njia ya Dar es Salaam, Tunduma (mpakani na Zambia) na Kasumbalesa (mpakani mwa Zambia na Kongo), kwa sababu ndiyo ninayoifahamu zaidi. Anayetoka Mombasa kwenda Kampala au Kigali atabadilisha majina ya milima na ya mizani, lakini hatua zitabaki zile zile. Jambo moja naomba ulikubali tangu sasa: kitanda ni kifaa cha kazi kama breki na tairi zilivyo vifaa vya kazi. Dereva asiyelala vizuri huko Tunduma ndiye atakayeshuka mlima kesho yake akiwa na tani 50.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usiende kuangalia lori hata moja kabla hujakusanya vifuatavyo:

- Daftari lenye jedwali moja ambalo kila lori utakaloliona litajazwa kwa maswali yale yale. Ukiliuliza lori la kwanza habari za mafuta na la pili habari za rangi, hutakuwa umelinganisha.
- Tepu ya kupimia, tochi, kitambaa cheupe cha kufutia, na nguo usizozionea huruma.
- Dereva atakayeliendesha. Kama una madereva wawili, mchukue aliye mrefu zaidi.
- Fundi wako mwenyewe aliyewahi kufungua injini ya aina hiyo. Fundi anayeletwa na muuzaji, hata akiwa mwaminifu, amekuja kwa nauli ya muuzaji.
- Vipimo vya tela lako: idadi ya ekseli, uzito wake likiwa tupu, urefu wa kutoka ardhini hadi pale linapokaa juu ya kichwa, na unene wa pini ya kuungia. Pini ziko za inchi 2 na za inchi 3.5, na hazibadilishani.
- Hesabu ya fedha inayozidi bei ya kununulia. Kichwa chenye ekseli tatu, mbili za nyuma zikiwa na tairi pacha, kina tairi 10. Tela la ekseli tatu lenye tairi pacha lina 12. Fikiria kuzibadilisha zote 22 katika mwaka wa kwanza, kwani kwa lori lililotumika jambo hilo hutokea.

Hatua ya 1: Iandike safari yako yote, kwenda na kurudi

Chukua ukurasa mzima wa daftari kwa kazi hii. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, na hadi Lubumbashi ni karibu kilometa 2,000. Katika njia hiyo lori hutoka joto la pwani, hupita Morogoro na hifadhi ya Mikumi, hushuka hadi bonde la moto la Ruaha Mbuyuni, kisha hupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa na kuendelea hadi Makambako, ambako mwinuko unazidi meta 1,600 na baridi ya Juni na Julai humfanya dereva wa pwani atafute blanketi la pili.

Watu wengi huiandika safari ya kwenda na kuisahau ya kurudi. Katika njia ya Kongo hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mzigo wa kurudi mara nyingi ni shaba, nao ni mzito. Maana yake ni kwamba Kitonga utaipanda ukiwa na mzigo wakati wa kwenda, na utaishuka ukiwa na mzigo wakati wa kurudi. Kwa hiyo utahitaji nguvu ya kupandia na, zaidi ya hiyo, breki ya kushukia. Anayebeba mzigo wa kwenda tu na kurudi na tela tupu ana hesabu tofauti kabisa.

Andika pia usiku. Hesabu usiku wa njiani, usiku wa Tunduma na Nakonde iliyo ng'ambo ya mpaka, usiku wa Kasumbalesa na usiku wa kusubiri kupakia. Ukiona idadi yake inazidi ya mchana wa kuendesha, umeshajua kwa nini nasisitiza habari ya kitanda.

Mwisho, andika upande wa barabara. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia huendesha kushoto, ilhali Kongo, Rwanda na Burundi huendesha kulia. Lori lenye usukani wa kushoto lililotoka Ujerumani au Uholanzi huwa na bei nafuu, lakini dereva wake atakuwa kipofu kila anapotaka kulipita gari jingine kati ya Chalinze na Mbeya. Kwa Kenya, zaidi ya hayo, kanuni za uingizaji kwa kawaida hazikubali gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8 wala lenye usukani wa kushoto, hivyo muulize wakala wako wa forodha kabla hujatuma hata shilingi moja.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ekseli kabla ya kuangalia nembo

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi pacha, tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana na tani 24 kwa ekseli tatu zilizofuatana. Uzito wa jumla hauruhusiwi kuzidi tani 56, nao ni wa gari lenye ekseli saba.

Sasa linganisha. Kichwa cha ekseli mbili kikivuta tela la ekseli tatu kinapata 8 + 10 + 24, yaani tani 42. Kichwa cha ekseli tatu chenye tela lile lile kinapata 8 + 18 + 24, yaani tani 50. Toa uzito wa kichwa na wa tela vikiwa tupu, na kinachobaki ndicho unacholipwa. Kwa hiyo kila kilo ya uzito wa kichwa ni kilo ya mzigo uliyoikosa, na ndiyo maana unapaswa kukipeleka kichwa unachokitaka kwenye mizani kikiwa kitupu badala ya kuamini karatasi.

Tahadhari: vichwa vingi vinavyotoka Uingereza vina ekseli tatu, lakini ni moja tu inayovuta; ile ya katikati hunyanyuliwa, na mara nyingi ina tairi moja moja kila upande, tena ndogo. Uzito unaoruhusiwa hutegemea pia idadi ya tairi, kwa hiyo ekseli ya namna hiyo haihesabiwi kama ekseli yenye tairi pacha. Wapo walioununua uchumi wa kichwa hicho na kuja kuulipia pale kwenye mizani ya Vigwaza. Vilevile, katika matope ya kuelekea migodini, kichwa chenye ekseli mbili zinazovuta hutoka mahali ambapo hiki hukwama. Lakini kama kazi yako yote ni lami na mzigo wako ni mwepesi, kichwa cha Uingereza kitakula mafuta kidogo na tairi chache.

Hatua ya 3: Jifunze kulisoma jina la lori

Wanunuzi wapya hudhani namba zilizo mlangoni ni za urembo. Kwa Scania, herufi inakueleza kabini na namba inakueleza farasi: R420 ni kabini ya R yenye farasi 420, na injini hiyo hiyo inaweza kuwekwa chini ya kabini ya P au G ambayo ni ya chini zaidi. Kabini ya S, iliyokuja mwaka 2016, ina sakafu iliyonyooka. Kwa Mercedes-Benz Actros, namba mbili za mwanzo ni tani za kichwa na mbili za mwisho, ukiziongezea sifuri, ni farasi: 1844 ni kichwa cha tani 18 chenye farasi takriban 440, na 2644 ni cha tani 26. MAN TGX 26.440 husomwa kwa namna hiyo hiyo. Volvo FH 440 na DAF XF105.460 hutaja farasi waziwazi, na kwa Howo, 371 au 420 ni farasi pia.

Angalia na kizazi. Volvo FH ya 2002 na FH ya kuanzia 2012 ni malori tofauti kwa umeme na kwa vipuri. Actros za kabla ya mabadiliko ya mwaka 2011 zina injini ya V6 au V8, na zilizofuata zina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kwa hiyo fundi anayeijua ya zamani vizuri huenda hajawahi kuifungua mpya.

Watu huniuliza pia juu ya Freightliner na malori mengine ya Kimarekani yenye pua ndefu, kwa sababu vyumba vyake vya kulala ni vikubwa kweli. Sababu ya ukubwa huo ni sheria za huko: tangu mwaka 1982 sheria ya shirikisho ya Marekani imeyazuia majimbo kubana urefu wa gari zima, hivyo kinachobanwa ni urefu wa tela, ilhali Ulaya hupima kichwa na tela pamoja, na kikomo cha kawaida ni meta 16.5. Mtengenezaji wa Ulaya alilazimika kumketisha dereva juu ya injini ili kuokoa urefu. Lori la Kimarekani ni la raha kulala, ila ni refu katika yadi zetu na kona zetu, na mengi yana usukani wa kushoto.

Hatua ya 4: Linganisha nguvu kwa tani, kisha breki ya kushukia

Gawanya farasi kwa uzito wa jumla utakaouvuta. Farasi 371 kwa tani 50 ni farasi 7.4 kwa kila tani, farasi 440 kwa tani 50 ni 8.8, na farasi 440 hizo hizo kwa tani 56 hushuka hadi karibu 7.9. Tofauti hii haionekani katika tambarare za Mikumi, bali huonekana Kitonga, ambako mmoja atapanda kwa gia ya chini akiangalia mshale wa joto na mwingine atapanda akizungumza.

Farasi peke yake haitoshi. Tazama pia toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha. Howo yenye injini ya WD615.47 ya farasi 371 ina toki ya Nm 1,500, na Volvo FH 440 yenye injini ya lita 13 ina Nm 2,200. Pengo la toki ni kubwa kuliko pengo la farasi, na toki ndiyo inayoondoa mzigo mlimani bila kubadilisha gia kila dakika.

Kisha uliza habari ya kushuka. Ipo breki ya egzosi, ambayo karibu kila lori inayo. Ipo breki ya injini iliyo kali zaidi, kama ile ya Volvo inayoitwa VEB. Na ipo ritada, kifaa kinachofungwa kwenye giaboksi na kupunguza mwendo kwa nguvu ya oili bila kugusa breki za tairi. Kwa anayeshuka Kitonga na shaba, mimi huweka ritada au breki ya injini yenye nguvu mbele ya farasi 60 za ziada. Breki za tairi zikishapata moto kupita kiasi, huacha kushika, na hapo hakuna ujuzi wa dereva unaosaidia sana.

Kuhusu gia, za mkono hutengenezeka karibu kila mji wa njiani. Za otomatiki, kama I-Shift ya Volvo, humpunguzia dereva uchovu na huilinda klachi dhidi ya mguu mbaya, lakini zikigoma zinahitaji mtu mwenye mashine ya kusomea hitilafu. Uamuzi wako ufuate mafundi ulio nao, jambo nitakalolirudia katika hatua ya 7.

Hatua ya 5: Ingia kabini ulale

Hapa ndipo nakuomba usiharakishe. Muuzaji atakuonesha usukani wa ngozi na redio. Wewe vua viatu, panda kitandani na fanya haya yafuatayo.

Pima urefu wa kitanda cha chini na upana wake sehemu tatu: kichwani, katikati na miguuni. Vitanda vingi hupungua upana nyuma ya viti, hivyo kipimo cha katikati peke yake hudanganya. Mimi sikubali kitanda kilicho chini ya sentimeta 195 kwa urefu na sentimeta 70 kwa upana pale panapokaa mabega. Mlaze dereva wako humo kwa nusu saa, saa saba mchana, madirisha yakiwa yamefunguliwa kiasi anachoweza kuyafungua usiku bila kuibiwa. Akitoka amelowa jasho, andika.

Pima kimo cha kusimama kati ya viti. Katika kabini nyingi kuna nundu ya injini katikati, nayo huamua kama dereva ataweza kuvaa suruali akiwa amesimama au amepiga magoti. Globetrotter ya Volvo, Highline na Topline za Scania, Space Cab na Super Space Cab za DAF na XXL ya MAN zote ni kabini za paa la juu, lakini nundu zake hazilingani. Actros yenye kabini ya MegaSpace ina sakafu iliyonyooka. Kwa Howo, tofautisha kabini ya HW76, ambayo paa lake ni la chini, na HW79 ambayo paa lake ni la juu. Bei ya HW76 humvutia mwenye lori, na mgongo wa dereva ndio unaoilipia.

Kama utingo husafiri pamoja na dereva, kitanda cha pili si anasa. Kipandie. Kitikise. Angalia mikanda na wavu unaomzuia mtu asianguke, na bawaba zinazokishikilia, kwa maana vitanda vya juu vya malori yaliyotumika mara nyingi viligeuzwa rafu kwa miaka mingi.

Kagua pazia za pande zote, dirisha la paani na kama lina wavu wa mbu, taa ya kusomea, feni ya volti 24, kipasha joto cha usiku kinachofanya kazi injini ikiwa imezimwa, na kufuli za milango yote miwili. Kilaze kichwa kwenye mto halafu utazame: je, unaweza kuona kioo cha pembeni bila kuinuka? Dereva anayelala foleni na tangi lililojaa dizeli anahitaji kuona.

Tahadhari ambayo haina mjadala: jiko la mkaa haliwashwi ndani ya kabini, hata kwa baridi ya Makambako, hata kwa dakika kumi. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu akiwa usingizini. Kama kipasha joto cha lori ni kibovu, weka gharama ya kukitengeneza katika bei ya lori hilo.

Malori ya Ulaya yalitengenezwa kwa madereva ambao sheria yao, Kanuni ya 561 ya mwaka 2006, huwalazimu kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Hata kama hakuna anayekukagua hivyo huku kwetu, kipimo hicho ni kizuri kukiweka katika ratiba yako.

Hatua ya 6: Linganisha mafuta, na ujue mfumo wa moshi

Usiulize lori linakula kiasi gani. Kila mtu atakujibu kwamba halili. Omba rekodi za kujaza mafuta, au nenda nalo safari fupi likiwa na mzigo: jaza tangi hadi juu, endesha, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile. Chukua mfano wa malori mawili, la kwanza likitembea kilometa 2.0 kwa lita na la pili 2.3. Kwa kilometa 2,000 lenye mzigo, la kwanza litatumia lita 1,000 na la pili karibu lita 870. Lita 130 kwa upande mmoja wa safari, zidisha kwa bei ya pampu ya leo, halafu zidisha kwa idadi ya safari zako za mwaka. Mara nyingi jibu hilo huipita tofauti ya bei iliyokuwa ikikunyima usingizi.

Daraja la Euro ni viwango vya moshi. Injini za Euro 3 ni za kawaida na husamehe mengi. Kuanzia Euro 4 na 5, nyingi huhitaji AdBlue, kimiminika cha urea chenye tangi lake. Ikiisha au kihisio kikiharibika, injini nyingi hupunguza nguvu. Euro 6 huongeza chujio la masizi kwenye egzosi, ambalo linataka dizeli yenye salfa kidogo. Kabla ya kununua Euro 5 au 6, hakikisha utaipata AdBlue katika njia yako nzima, au utaibeba. Kuuvunja mfumo huo kwa njia ya mkato, kama wengi wanavyoshauriwa, huacha lori lenye kompyuta iliyochezewa ambayo fundi anayefuata hataielewa.

Hatua ya 7: Tembea njia yako ukiuliza spea

Piga simu au pita Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya na Tunduma, na uulize vitu vitano kwa kila aina ya lori: pampu ya maji, klachi, kompresa ya upepo, chujio za mafuta na kioo cha mbele. Andika bei na siku za kusubiri. Hapa Howo hupata alama nyingi kwa bei ya spea, na Scania kwa wingi wa mafundi na spea zilizotumika. Lori zuri linalosubiri kifaa kwa siku tisa huko Nakonde halina uzuri wowote siku hizo.

Linganisha pia saizi ya tairi. Howo nyingi hutumia 12.00R20, yenye tyubu, ambayo huzibwa popote. Vichwa vingi vya Ulaya hutumia 315/80R22.5 isiyo na tyubu. Vingine, vilivyoundwa kwa matela ya Ulaya yenye kimo kikubwa, ni vya chini na vina tairi fupi kama 295/60R22.5, hivi viache, kwani matuta yetu yatavikwangua tumbo.

Hatua ya 8: Kagua lori lenyewe

Fika asubuhi kabla halijawashwa, na ushike injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, mtu ameiwasha ili kukuficha jinsi inavyowaka ikiwa baridi. Liwashe, tazama moshi, fungua kifuniko cha kujazia oili na uone kama inapumua kwa nguvu. Jaza upepo, zima, na sikiliza mivujo huku ukiangalia kama mshale unashuka. Inua kabini kwa pampu yake ili ujue kama inainuka na kukaa. Fuata chasi kwa tochi kutoka mbele hadi nyuma ukitafuta uchomeleaji. Soma tarehe za tairi: tarakimu nne kama 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Niliwahi kununua kichwa kilichong'arishwa vizuri sana bila kuinua kabini, kwa kuwa muuzaji alisema pampu ya kuinulia itatengenezwa kesho. Bomba la maji lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mpira huko nyuma. Lilipasuka kabla ya Mikumi, na gharama ya kichwa cha silinda ilikuwa yangu.

Hatua ya 9: Jaza jedwali na ugawe kwa kilometa

Kwa kila lori jumlisha bei ya kununua pamoja na ushuru, matengenezo ya kwanza, tairi, bima na mafuta ya mwaka. Toa bei unayotarajia kuliuzia baada ya miaka mitatu. Gawanya kwa kilometa utakazotembea katika miaka hiyo. Kando ya jibu weka alama ya kabini aliyoitoa dereva, si wewe. Malori mawili yakikaribiana kwa gharama, chagua lenye kitanda bora.

Ukikwama

*Malori mawili yamelingana kila kitu.* Nunua lile ambalo fundi wako amelizoea.

*Namba ya kilometa haiaminiki.* Iache, usiiingize katika hesabu. Tazama pedali, ngazi za kupandia, godoro na kitambaa cha kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma pamoja na dashibodi inayodai kilometa 300,000 haviendi pamoja.

*Kichwa hakiungani na tela.* Linganisha unene wa pini na urefu wa sahani ya kuungia kutoka ardhini. Tofauti ya urefu huifanya tela iinamie mbele au nyuma, na mizani itaona ekseli moja imezidi hata kama jumla iko sawa.

*Jumla iko sawa lakini ekseli za kichwa zimezidi.* Sahani nyingi husogezwa. Isogeze mbele au nyuma kidogo, au upange mzigo upya, kisha upime tena kabla ya kuondoka yadini.

*Taa ya injini inawaka na nguvu imepungua.* Kwa Euro 5, anza na kiasi na usafi wa AdBlue kabla ya kumruhusu mtu yeyote kufungua nozeli. Usijaze maji mahali pake.

*Dereva analalamika hapati usingizi ingawa kitanda ni kirefu.* Badilisha godoro kwanza, kwa sababu godoro la lori la miaka kumi limekwisha hata kama kitambaa chake ni kizima. Kama bado, chunguza mifuko ya hewa na raba zinazobeba kabini, kwa kuwa zikichoka mgongo wake huumia mchana na usiku hulipa. Ikishindikana, weka feni ya volti 24 upande wa miguu na wavu kwenye madirisha yote mawili, halafu umwulize tena baada ya safari moja nzima ya kwenda na kurudi.